Usiulize Timu Imepatwa na Nini: Mwongozo kwa Mgeni wa Komarock

Ukihamia Komarock utaonywa kuhusu mgao wa maji na jamu ya Jogoo Road kabla hujafungua maboksi. Hakuna atakayekuonya kuhusu kiti cha kinyozi. Kwa hiyo nakuonya mimi: ukishafungwa kitambaa shingoni, usiulize, "Lakini hii timu yenu imepatwa na nini msimu huu?"

Mimi niliuliza. Mashine ilikuwa imemaliza upande wa kushoto. Kinyozi, mtu wa Gor Mahia tangu tumboni, akaizima, akaiweka mezani, akawageukia waliokuwa wakingoja kwenye benchi, na kwa dakika arobaini kichwa changu kikawa mali ya mkutano. Wa kwanza alisema ni kocha. Wa pili alisema kocha hana makosa, kuna kitu kimezikwa golini upande wa kusini. Wa tatu alikuwa shabiki wa AFC Leopards, timu ambayo haijaonja ubingwa wa ligi tangu 1998, na yeye alicheka tu, kicheko cha mtu asiyedaiwa. Stima ikapotea. Nilitembea nyumbani na kofia ya kuazima.

Mwongozo huu nimeuandika ili yaliyonipata yasikupate. Ni wa yule anayeipenda timu mwezi wa tano, inaposhinda kila Jumapili, halafu mwezi wa tisa anajikuta akiwatazama watu waliovaa jezi ileile wakipokezana mpira kama kaa la moto.

Somo la kwanza Komarock itakupa bure, kila mwisho wa mwezi. Simama getini tarehe thelathini. Utaona pikapu imeegeshwa kinyumenyume, godoro juu, meza miguu hewani, na mtoto amekumbatia mtungi wa gesi kama mdogo wake. Namba ya mlango haihami. Ukirudi tarehe tano ukapiga hodi ukimtaka yule jirani mliyezoea kuombana chumvi, atakufungulia mtu mwingine kabisa, na hata ukali wa mbwa utakuwa tofauti. Hutasema nyumba imeshuka kiwango. Utasema wapangaji wamehama. Ila timu ya mpira ikifanya vivyo hivyo tunasimama mlangoni tukiulaumu ukuta.

Chukua Gor Mahia wa 2015. Walicheza ligi nzima, mechi 30, bila kufungwa hata moja, chini ya Mskoti Frank Nuttall. Mbele walikuwa na Michael Olunga, kijana mrefu aliyewapa mabao 19 msimu huo. Mapema 2016 Olunga akaenda Djurgården ya Uswidi, Meddie Kagere akaelekea Albania, na kabla masika hayajakatika Nuttall naye akawa ameaga. Taji la 2016 likaenda kwa Tusker, Gor wakawa wa pili. Hadi leo kwenye base ya bodaboda kuna watu wanaoshikilia kwamba mwaka ule kulikuwa na mkono wa mtu. Mkono wa mtu ulikuwepo kweli, ila ulikuwa umeshika kalamu ya kutia sahihi mkataba. Mchezaji ambaye 2020 angefunga mabao 28 kule Japani na kuwa mfungaji bora wa ligi yao, pengo lake hulizibi kwa majaribio ya wiki mbili pale Camp Toyoyo.

Usikurupuke, hata hivyo, ukadhani kila anayeondoka anaibomoa timu. Kagere alirudi Gor, halafu katikati ya 2018 akaenda Simba ya Dar es Salaam na kuwa mfungaji bora wa Tanzania msimu wake wa kwanza huko. Francis Kahata akamfuata 2019, beki Joash Onyango 2020. Katika miaka hiyo Gor waliendelea kuchukua ubingwa hadi mwaka 2020, na ndipo Tusker wakaupokea msimu uliofuata. Mpangaji mmoja akihama jengo halitikisiki. Wakihama wengi, tena wa ghorofa ileile, ndipo unaanza kusikia mwangwi kwenye ngazi.

Kutokana na hayo, shauri la matumizi: usichapishe jina la mchezaji mgongoni mwa jezi. Chapisha la kwako. Agosti 2025, kwenye mashindano ya CHAN, Ryan Ogam wa Tusker aliwafunga Morocco pale Kasarani na uwanja ukalipuka. Mashabiki wa Tusker walishangilia kuliko wote. Muda mfupi baadaye kijana alikuwa Wolfsberger, Austria. Kila bao zuri la mchezaji wako ni tangazo, na wanaolisoma wana pesa kuliko klabu yako.

Majirani zetu wa Kariobangi wameligeuza jambo hili kuwa kazi. Kariobangi Sharks walipanda ligi kuu 2017, na mwaka huohuo Masoud Juma akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Januari 2018 akawa Cape Town City. Akaja Eric Kapaito, naye akawa mfungaji bora wa 2018 kwa mabao 16. Kuishabikia Sharks ni kama kupenda kitalu cha miche kando ya barabara: unapita Jumatatu unaona mparachichi umechanua, Ijumaa unakuta tundu na udongo mbichi. Mwenye kitalu hajalala njaa. Wewe ndiye uliyekuwa umeshaupa mti jina.

Ni hao Sharks waliotupa Julai ya 2019. Walikuwa wamechukua kombe la SportPesa kule Dar es Salaam mwezi wa kwanza, wakapewa zawadi ya kucheza na Everton. Sare ya bao moja kwa bao moja pale Kasarani, kisha wakawatoa kwa penalti, nne kwa tatu. Usiku ule Eastlands haikulala. Hata waliokuwa hawaujui mpira walipiga honi. Agosti, kampuni iliyolipia sherehe ile, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiidhamini ligi nzima pamoja na Gor na Leopards, ikajiondoa baada ya kunyimwa leseni. Hapo ndipo mgeni anapaswa kusoma kwa makini, maana tumefika kwenye sababu yenyewe.

Magazeti yatakupa jedwali la ligi. Achana nalo. Soma daftari la mama wa duka.

Kwenye ploti yetu kulikuwa na kijana aliyechezea timu ya ligi kuu ambayo siitaji. Chumba kimoja, ghorofa ya tatu, soksi za mazoezi zimeanikwa juu ya paa kila asubuhi kama bendera za meli. Msimu ulipoanza alikuwa akiingia dukani na kununua mkate mzima, maziwa paketi mbili, mayai trei, analipa kwa noti na kuwaachia watoto chenji. Mama alimwita "kijana wangu". Mwezi wa tatu wa msimu mkate ukawa nusu. Wa tano, mafuta yakawa ya kupima, ya shilingi ishirini, kwenye chupa aliyokuja nayo. Wa sita nilikuwa nyuma yake kwenye foleni nikasikia:

"Mathe, niandikie."

"Kijana wangu, ukurasa umejaa."

"Geuza."

Akageuza. Daftari lenyewe ni lile la shule la kurasa 96, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Hilo ndilo jedwali pekee ninaloliamini. Jumapili ile timu yake ilifungwa tatu, na redioni mchambuzi alisema viungo wamepoteza ubunifu. Nilitaka kumpigia nimwambie ubunifu wote wa yule kiungo ulikuwa umeishia kwenye nauli: kutoka Komarock hadi mazoezini magari mawili, kurudi magari mawili, na siku nyingine kurudi ni kwa miguu. Mtu anayepiga hesabu ya nauli akiwa uwanjani hamkabi mtu dakika ya themanini.

Ndiyo maana naziita kampuni hali ya hewa ya ligi yetu. Ukiona wingu, toa nguo kwenye kamba. Nakumatt ilikuwa na duka la supamaketi kila upande na timu ligi kuu. Duka lilipoanguka, timu ikabaki yatima, ikabatizwa Mount Kenya United, na 2019 ikashuka daraja ikiburura mkia. SoNy Sugar walikuwa mabingwa wa Kenya 2006. Sukari ilipokosa pesa, timu ikashindwa kusafiri, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani, na mwishoni mwa 2019 ikafukuzwa ligini. Mwaka 2020 BetKing walikuja kuidhamini ligi kwa mkataba wa miaka mitano na tarakimu za kupendeza. Msimu mmoja ukaisha nao wakaisha. Kila mara tuliketi kwa kinyozi tukibishana kuhusu mfumo wa nne-tatu-tatu.

Mwili nao una daftari lake, na hauandikiwi. Mchezaji akikaa wiki mbili hadi nne bila mazoezi ya maana, pumzi huanza kupungua. Miguu hukumbuka namna ya kupiga mpira, lakini husahau namna ya kukimbia mara ya kumi. Ndiyo sababu mechi tatu za kwanza za msimu kuna mtu kila mara ameshika nyuma ya paja, anatazama mbinguni. Klabu za Ulaya humpa mchezaji ratiba ya likizo na saa ya kumpeleleza mapigo ya moyo. Ya kwetu humpa nauli ya kwenda ushago, ikipatikana, na huko mama yake humsubiri na sufuria.

Asiyeenda ushago hucheza mtaani. Zamani, ligi ilipokuwa ikianza Februari na kuisha kuelekea Novemba, mapumziko yaliangukia msimu wa Koth Biro, mashindano ya uwanja wa Umeme kule Ziwani ambayo jina lake kwa Kijaluo ni kusema mvua inakuja. Ukienda ungemwona mchezaji wa ligi kuu kwenye matope, hana mwajiri wala bima, anamkimbilia fundi wa magari mwenye nia mbaya. Watu wazima tulikuwa tunaupanda ukuta tuone. Raha yake haina mfano, na sitaki kusikia neno baya dhidi ya Koth Biro. Lakini kifundo cha mguu kilichovimba Disemba hakikuwa na namna ya kujieleza kwa kocha Februari.

Halafu kalenda yenyewe ikahamishwa. Ili iendane na kalenda ya Afrika, wakasema. Msimu wa 2018 uliisha Oktoba, mwingine ukaanza Disemba na kumalizika Mei 2019, wachezaji wakipanda ngazi mbili kwa hatua moja. Wa 2019/20 ulikatwa na korona mwezi Machi, na mpira ukarudi Novemba, miezi minane baadaye. Februari 2022 FIFA ikatufungia, ikatufungulia Novemba. Kwa hiyo mtu akikuambia timu imeshuka "kati ya misimu", muulize kwanza: kati ipi? Kuna kati ya wiki nane ambayo hata jeraha halijapata kovu, na kuna kati ya miezi minane ambayo kipa anaweza kupata mtoto, kujifunza kuendesha boda na kuongeza kilo sita.

Sasa kocha. Najua unataka kumlaumu. Ana suti na ana jina gumu, ameumbwa kwa kazi hiyo. Lakini jihadhari. Agosti 2014 Bobby Williamson aliwaacha Gor katikati ya msimu kwenda timu ya taifa, Harambee Stars, na bado wakachukua ubingwa. Kuanzia 2018 hadi 2025 benchi lao limekaliwa na Dylan Kerr, Hassan Oktay, Steven Polack, Carlos Manuel Vaz Pinto, Mark Harrison, Andreas Spier, Jonathan McKinstry na Leonardo Neiva, na sijawataja wote. Katika miaka hiyohiyo wamebeba mataji matano. Kama kocha angekuwa ndiye nguzo, jengo lile lingekuwa kifusi. Kocha wa ligi yetu ni kama askari wa geti: tunambadilisha mara nyingi, tunamlaumu kwa kilichoibwa, lakini funguo hakuwahi kupewa.

Kuna sababu moja ambayo kinyozi hataki kabisa kuisikia, na usiitaje akiwa na wembe. Bahati. Siku moja, Jumatatu, nilipanda matatu Spine Road saa moja kasoro, na kwa sababu ambazo Mungu anazijua nikafika mjini kwa dakika ishirini na tano. Wiki nzima niliwafundisha watu kazini kuhusu siri ya kutoka saa moja kasoro. Jumatatu iliyofuata nilitoka saa moja kasoro na nikafika saa tatu. Barabara haikuwa imeshuka kiwango. Ilikuwa imerudia tabia yake. Timu inayoshinda mechi sita kwa bao la dakika za majeruhi, mpira umegonga mwamba na kuingia, mwaka unaofuata mwamba uleule utautoa nje. Wachezaji walewale, juhudi ileile, na sisi kwenye benchi tunatafuta aliyezika kitu golini.

Kama hunisadiki kwa sababu mimi ni mtu wa Komarock tu, tazama wa ng'ambo ambao jezi zao ndizo zinazovaliwa hapa hata kanisani. Leicester walikuwa mabingwa wa Uingereza Mei 2016. Wakamuuza N'Golo Kanté, Februari 2017 wakamfukuza Claudio Ranieri huku wakichungulia shimo la kushuka daraja. Chelsea walichukua ubingwa 2015, Disemba hiyohiyo José Mourinho akaonyeshwa mlango, na timu ikamaliza ya kumi. Wale mishahara ilikuwa inaingia. Basi fikiria sisi.

Kabla sijakuachia kiti, jifunze lugha ya taarifa za klabu, maana zitatoka mwezi wa saba na zitakulevya. Wakiandika "tunajenga upya", wameondoka saba. "Tumewapa vijana nafasi" maana yake vijana ndio waliokubali kungoja mshahara. "Mazungumzo na mdhamini yamefika hatua nzuri": mdhamini hapokei simu. "Mchezaji ameomba ruhusa kwa sababu za kifamilia": familia inaishi Dar es Salaam na ina rangi nyekundu. Na wakikuambia wameshinda mechi ya kirafiki nane bila, uliza ni dhidi ya nani. Mara nyingi ni shule.

Yule kijana wa ghorofa ya tatu alihama tarehe thelathini na moja, usiku, kwa mkokoteni. Hakuaga. Mama wa duka hakumtukana. Alikunja tu ukurasa pembeni. Miezi minne ikapita, tukasikia yuko nje, nchi yenyewe kila mtu na yake. Wiki iliyopita simu ya mama ikalia mara moja, M-Pesa, deni lote na mia tatu juu. Akavaa miwani, akahesabu upya kwa kidole, akaupiga mstari ule ukurasa wote kwa biki nyekundu.

Chumba kimeshapata mtu. Leo asubuhi nilimkuta dukani, viatu vya mpira vimefungwa kamba shingoni. Alinunua mkate mzima na maziwa paketi mbili, akalipa kwa noti, akawaachia watoto chenji. Ligi ilianza Jumamosi.